Lami ya Kusini imefika zamani, mbona nauli ya mzigo haishuki?

Mchuuzi wa Masasi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Nina duka la jumla Masasi, mwaka wa 11 huu. Sukari, ngano, sabuni, mafuta ya kula, chumvi ya paketi, vyote navifuata Kariakoo. Wiki mbili zilizopita nilimpigia dalali wa magari Dar anitafutie fuso. Akanitajia bei. Nikamuuliza, ingekuwa Mbeya je? Akanitajia bei ambayo ukiigawa kwa tani inakuwa chini ya yangu, na Mbeya ni mbali kuliko Masasi kwa zaidi ya kilomita 200. Nikadhani hajanisikia vizuri. Akacheka: "Mzee, Mbeya gari linarudi na mchele. Kwako linarudi na upepo."

Kauli ile imenikaa kichwani mpaka leo.

Sisi watu wa Kusini tumekua tukiambiwa kwamba umaskini wetu ni barabara. Na kweli ilikuwa barabara. Wa umri wangu mnakikumbuka kivuko cha Ndundu pale Rufiji. Masika mto ukijaa magari yanalala foleni, mama ntilie wanapika ukingoni, abiria wanaoga na kufua mpaka wanageuka wenyeji. Kuna mwaka nilitoka Dar na mkungu wa ndizi mbichi, nikafika nyumbani na kikonyo. 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, karibu mita 970. Kikabaki kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kikatutesa miaka mingine zaidi ya kumi. Leo natoka Dar alfajiri, jioni nafungua duka.

Sasa swali langu. Muda umepungua, wagonjwa wanawahi Muhimbili, wanafunzi wanarudi likizo bila kulala njiani. Lakini mzigo wangu bado ni ghali. Mimi nimeanza kuamini kwamba lami peke yake haishushi bei ya kitu. Kinachoshusha ni gari kuwa na kazi pande zote mbili, na gari linapata kazi pande zote pale penye watu wa kutosha wanaouza na kununua mwaka mzima.

Sisi tunanunua kwa msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na mwaka 2024 ilifunguliwa kwa bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Wiki zile dukani kwangu ni vurugu: mabati, magodoro, mtu anauliza pikipiki kwangu mimi muuza sabuni! Mtu yuleyule ukimkuta Machi anataka sukari robo, na hiyo robo umwandike. Daftari langu la madeni la Machi na Aprili ni nene kuliko la miezi mingine yote ukiiunganisha.

Karibuni tujadili. Matusi ya siasa pelekeni kule jukwaani kwenu.

Siti ya Dirishani

Nimeweka kambi. Kahawa na kashata vipo.

Mzee wa Sensa

Mkuu umeleta mada nzuri ila umesahau namba. Nikusaidie.

Lindi mwaka 2002 ilikuwa na watu kama 790,000. Sensa ya 2012 ikawakuta 864,652. Miaka kumi nzima mkoa umekua kwa chini ya asilimia 1 kwa mwaka, wakati nchi inakwenda karibu asilimia 3. Maana yake watu walikuwa wanazaliwa na kuondoka. Sensa ya 2022: 1,194,028. Hapo ukipiga hesabu unapata kama asilimia 3.2 kwa mwaka, sawa na nchi nzima. Na katikati ya sensa hizo mbili za mwisho ndipo kile kipande cha Somanga kilipokamilika.

Kwa hiyo usiidharau lami. Bei ya fuso yako haijashuka, lakini watu wameacha kukimbia. Kuna wanaosema hata jina "machinga" limetoka kwa Wamachinga wa Lindi waliotangulia kuuza mkononi mitaa ya Dar. Mkoa ulikuwa unasafirisha vijana kama unavyosafirisha korosho, ghafi, thamani ikaongezwe mbele ya safari.

Mwana Liwale

Mzee wa Sensa, shikamoo, ila naomba nitofautiane nawe kidogo.

Namba zako nazikubali, sababu siikubali. Mimi niko Liwale. Hapa wilayani ukitaka kwenda Nachingwea ni vumbi, Nangurukuru ni vumbi, masika ni tope la kuvuta kwa kamba. Lami hatuna. Na watu wameongezeka, nawaona kwa macho. Walioongezeka ni nani? Wafugaji. Tangu walipoondolewa kule Ihefu na Usangu, 2006 na 2007, wakaelekezwa huku na mifugo yao. Hawakuja kwa basi. Walikuja na ng'ombe, wengine kwa malori, wengine kwa miguu kukata pori. Baada yao wakaja wa ufuta, maana ardhi ipo na bei ya ufuta ilikuwa inaeleweka.

Leo kuna mnada wa ng'ombe, mayai ya kuku wa kisasa, vibanda vya watu wa kushona nguo, na ugomvi wa mashamba ambao zamani tulikuwa tunausikia redioni tu. Hao walifuata ardhi. Barabara wataidai sasa, wakiwa tayari wamefika.

Mzee wa Sensa

Marahaba mwanangu. Umenikamata pazuri. Ila Liwale ni sehemu ya Lindi, si Lindi yote. Na kumbuka ukubwa: mkoa una kilomita za mraba kama 66,000, watu 18 kwa kila moja. Mtwara haifiki 17,000 na ina watu 1,634,947, yaani karibu 98 kwa kilomita. Ndiyo maana ukiwa ndani ya basi usiku kati ya Nangurukuru na Mchinga unaweza kuhesabu taa kwa vidole.

Sukani ya Kulia

Mleta uzi, mimi ndiye huyo mwenye gari. Nina miaka 19 barabarani, 8 ya kwanza nikiwa tandiboi. Nikufungulie daftari.

Tajiri hahesabu safari ya kwenda. Anahesabu mzunguko. Gari litoke Dar lirudi Dar, mafuta, matairi, posho yangu na ya utingo, mizani, na siku ambazo gari limesimama. Akishajumlisha anauliza: huko linakwenda, kuna cha kurudi nacho? Kikiwepo, gharama inagawanywa kwa wenye mizigo wawili. Kisipokuwepo, wewe mwenye sukari unalipia na kurudi kwangu. Hakuna dhambi hapo, ni hesabu.

Zamani msimu ukifika tulikuwa tunafurahi. Unashusha saruji na vifaa vya dukani, unapakia korosho kwenda bandari ya Dar. Oktoba mpaka Januari hata wewe nauli yako ilikuwa inalegea, kumbuka vizuri. Kuanzia msimu wa 2023/24 serikali ikasema korosho ya Kusini itoke kwa bandari ya Mtwara. Sawa, uamuzi wao. Ila mimi korosho yangu ya kurudi nayo imekwenda na maji.

Kinachobaki ni kuokoteza. Jasi ya Makangaga kule Kilwa inapanda kwenda viwanda vya saruji, lakini gari likishabeba jasi huwezi kulipakia ngano ya mtu kesho yake bila kuliosha mpaka kwenye kucha. Nazi kidogo. Mbao, na mbao ina vibali vyake, ukikosea karatasi moja unalala kizuizini na tajiri hapokei simu.

Kausha Damu

Mbona malori ya saruji yanapanda Dar kutoka Mtwara yamejaa? Si yanashuka matupu? Mleta uzi dandia hayo, acha kulia.

Sukani ya Kulia

Dandia uone. Semi ya saruji ni bapa, haina bodi, mvua ikikupiga Somanga unashusha uji wa sukari. Na inaishia kiwandani, Mtwara. Kutoka pale mpaka Masasi ni kama kilomita 200 nyingine, utafute gari la pili na vibarua wa kushusha na kupakia upya. Hesabu inarudi palepale.

Bandarini Shangani

Nimesubiri mtu aiseme bandari.

Wakuu wa magari mna haki ya kununa, lakini na sisi tulinuna miaka mingapi? Mtwara tuna bandari ya kina kirefu tangu enzi za mkoloni. Ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947. Wakajenga na reli kutoka baharini mpaka Nachingwea. Karanga zikafa, mradi ukafungwa 1951, reli ikahangaika kidogo kisha mwanzoni mwa miaka ya 60 ikang'olewa. Babu zetu waliona reli ikija na wakaiona ikiondoka, wengine ndani ya miaka isiyofika 15. Bandari ikabaki tunaogelea pembeni.

Sasa gati jipya la mita 300 lipo. Korosho inatoka hapa, makaa ya mawe ya Ngaka yanakuja kwa barabara kutoka Mbinga, meli zinapanga foleni. Msimu uliopita mtaani kwangu chumba cha kupanga hakipatikani. Vibarua wametoka Newala, Tandahimba, mpaka Tunduru. Mama yangu mdogo anapika wali maharage sahani mia kwa siku, zamani alikuwa anapika thelathini na nyingine tunamalizia sisi nyumbani.

Ila niwe mkweli, ugonjwa wa fuso upo mpaka baharini. Korosho ikitaka kontena, kontena lazima litoke mahali. Dar makontena yanakuja yamejaa bidhaa za watu milioni tano na zaidi, yanashushwa, yanabaki matupu yanatafuta kazi. Mtwara nani ameagiza nini? Kwa hiyo kontena linaletwa tupu, na gharama ya kuleta tupu inalipwa na korosho. Meli nayo ina dalali wake, na dalali anauliza swali lilelile la Sukani ya Kulia.

Na lile bomba la gesi mnalikumbuka. 2013 mji huu ulichafuka, watu walikufa, kwa sababu wananchi walitaka gesi itumike hapa. Bomba likajengwa, 2015 gesi ikaanza kufika Dar. Ukiondoa hasira, hesabu yake ndiyo hii tunayoongea: mali imepelekwa waliko watu, kwa kuwa watu hawakuwa iliko mali.

Njia Panda

Nakazia. Mimi niko Tunduma. Semi inatoka bandari ya Dar na mzigo wa Kongo, inarudi na shaba. Gari halijui upepo ni nini. Ndiyo maana mji huu, zamani kituo cha mpakani tu, sensa ya 2022 imeukuta na watu zaidi ya laki mbili. Lakini msituonee wivu sana. Shaba si yetu, mzigo si wetu. Sisi tunauza chakula, vyumba, vipuri na usingizi. Siku foleni ya mpakani ikiisha kabisa sijui nusu ya mji tutakula nini.

Kasulu Kwetu

Ngojeni niwaharibie sherehe kabisa.

Kigoma reli ilifika 1914. Kabla ya Mwanza, ambayo ilingoja mpaka 1928. Kwa mantiki ya "leta njia, uchumi utakuja" sisi tungekuwa wa pili baada ya Dar. Ilibeba nini ile reli? Ilibeba watu. Babu yangu mzaa mama alipandishwa treni akiwa kijana, akashushwa, akapandishwa lori mpaka mashamba ya mkonge Tanga. Manamba. Alipewa kipande cha kazi, akakaa miaka, akarudi na blanketi, sufuria na kikohozi. Waliobaki huko ni wengi, nendeni Korogwe na Muheza mkawasalimie Waha.

Mkoa una watu 2,470,967, zaidi ya Lindi na Mtwara ukichagua mmojawapo. Kwa hiyo na wewe mleta uzi, hoja yako ya watu haitoshi. Watu tunao, na treni tulikuwa nayo. Mtu asiye na cha kuuza, njia ikimfikia, anajiuza mwenyewe.

Kausha Damu

Kwa hiyo watu hawatoshi, barabara haitoshi, bandari haitoshi. Tufanyeje, tuzae na tulime jasi?

Mmakonde wa Juu

Kausha Damu kaa kwanza upoe, nina la kusema.

Mnaongea Kusini kama vile ni kitu kimoja. Kitazameni vizuri: watu wako wapi? Wako juu huku uwandani, Newala, Tandahimba, vijiji vimeshikana, mikorosho mpaka mlangoni kwa mtu. Maji tunanunua kwa ndoo lakini watu tupo. Sasa lami ilianzia wapi? Ilipita pwani, kwenye lile pori la taa za kuhesabu kwa vidole. Huku juu kutoka Mtwara tulipewa mpaka Mnivata, kilomita 50, halafu zile 160 za Mnivata, Newala mpaka Masasi tukangoja. Ndiyo sasa zinajengwa. Korosho ilikuwa inalala ghalani kwa sababu lori limekwama kwenye mchanga, si kwa sababu hakuna mnunuzi.

Na kinyume chake kipo palepale jirani. Nendeni Mtambaswala mkaone Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma. Mita 720, marais wawili walikuja kulifungua 2010. Zuri, pana, imara. Nimekaa pale asubuhi moja nikisubiri mtu, kuanzia saa mbili mpaka saa tano. Zilipita pikipiki tatu, baiskeli moja ya mkaa na mbuzi wawili ambao sidhani walikuwa na pasi. Upande wa pili ni pori na barabara ya vumbi ndefu mpaka Mueda, na baadaye vita vya Cabo Delgado vikaongeza hofu. Daraja limeunganisha wachache na wachache.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni njia kupita waliko wachache na kuwakwepa walio wengi.

Mchuuzi wa Masasi (mleta uzi)

Aisee uzi umenoga kuliko duka.

Kasulu Kwetu, nimepokea. Nirekebishe kauli yangu: wawepo watu, na wawe na cha kuuza miezi ambayo hakuna korosho. Tulijaribu mbaazi hapa. 2017 India ikafunga mlango kwa mbaazi za nje, bei ikaanguka mpaka watu wakaziacha shambani. Magari yalikuwepo, lami ilikuwepo, mbaazi zilikuwepo. Kwa hiyo hata mzigo peke yake hautoshi, lazima awepo wa kuupokea.

Mmakonde wa Juu, kweli. Nusu ya wateja wangu wanatoka huko juu kwenu, na mzigo wao ninaotoa dukani kwenda Newala unanigharimu kwa kilomita kuliko huu wa kutoka Kariakoo.

Na kuna jambo hatujaligusa, kangomba. Mtu anauza korosho yake ikiwa bado mtini kwa kibaba cha dalali, Juni, kwa sababu ana njaa Juni. Minada ikifika Oktoba hela si yake. Kwa hiyo hata ule msimu mmoja tulionao, kipato kinaondoka kabla hakijafika dukani kwangu.

Sukani ya Kulia

Halafu msisahau njia yetu ni moja tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, maji yalikata barabara pale Somanga. Nilikuwa na ngano na viazi. Nilikaa siku kadhaa natazama mto ambao jana yake ulikuwa kalavati. Wenzangu waliokuwa Dar wakaambiwa wazungukie Songea: Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, mpaka Mtwara. Zaidi ya kilomita 1,500 badala ya 560. Ngano yangu ilipona. Viazi niliviuza kwa mafungu palepale kwa abiria waliokwama, na wenye mzigo mpaka leo wananidai maelezo.

Lakini ile ya kuzungukia ilinifunza kitu. Zamani usingeweza kuzunguka hivyo, Tunduru ilikuwa safari ya kuandika wosia. Sasa ni lami yote. Nilikutana na dereva wa Songea aliyeshusha mahindi Masasi na anarudi tupu. Nikamwambia, ndugu yangu, nawe unarudi na upepo.

Chumvi ya Lindi

Nimesoma kimyakimya tangu ukurasa wa kwanza, sasa nimeshindwa.

Mchuuzi wa Masasi, umesema unafuata chumvi ya paketi Kariakoo? Mimi nina mashamba ya chumvi hapa Lindi. Kiangazi kikikolea tunavuna mpaka vibarua wanachoka. Hivi ninavyoandika nina viroba vya kilo 50 vimejaa bandani, juu nimefunika makuti na turubai, panya wenyewe hawavitaki. Wanunuzi wa Dar wananiambia chumvi yako nzuri, tatizo gari. Napiga simu Dar natafuta gari la kuja kuchukua, naambiwa nilipe kuja na kurudi.

Yaani gari lako la sukari linapita mbele ya banda langu likirudi tupu.

Mchuuzi wa Masasi (mleta uzi)

Dah.

Viroba vingapi?

Chumvi ya Lindi

Mia nne na kitu, na kesho naendelea kuvuna. Viko kavu, havichuji maji, utingo asiogope.

Sukani ya Kulia

Chumvi inakula bodi ya gari jamani, msinichekee. Ila nikitandika turubai chini mara mbili na kuosha Dar, inabebeka. Mia nne ni tani 20, fuso yangu haibebi zote, mizani watanikalisha. Nichukue 180 kwa safari. Mchuuzi, mzigo wako unatoka Kariakoo lini?

Mchuuzi wa Masasi (mleta uzi)

Alhamisi usiku tukipata nafasi ya kupakia. Nashusha Jumamosi asubuhi.

Sukani ya Kulia

Basi Jumamosi jioni niko Lindi. Chumvi ya Lindi njoo pembeni unitumie namba, tupatane bei. Na wewe Mchuuzi, tukishapatana naye nitakupigia upya, ile bei ya dalali usiilipe kwanza.

Siti ya Dirishani

Kashata zimeisha. Mlete mrejesho Jumapili.